Alizeti Zilizotupa Kisogo

Ukitaka kujua idadi kamili ya ndugu zako, lima alizeti kando ya barabara ya lami. Ukilima mtama hakuna atakayekutafuta. Ukilima uwele utatembelewa na ndege peke yao. Lakini alizeti ikishachanua, hata yule binamu ambaye mara ya mwisho alikupigia simu alipokuwa anachangisha harusi atapiga tena. Ataulizia afya, ataulizia watoto, ataulizia mvua, halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa tayari ameshaaga, ataulizia kama mafuta ya mwaka huu mmeshakamua.

Shamba ninalolizungumzia ni la mama mkwe wangu. Liko kando ya barabara inayochepuka Mbande kwenda Kongwa, upande wa mashariki wa lami. Upande huo ukumbuke, msomaji, maana ndio uliotuletea mambo. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Tanga, niliyeolewa Ugogoni. Kwetu mafuta yanatoka kwenye mnazi, na mnazi ni mti wenye staha: unaupanda, unausahau, unawaachia wajukuu, na sijawahi kuona bibi harusi akitoka mjini na msafara wa magari kwenda kuukumbatia.

Kusema kweli kilimo chetu kilianzia Ukraine. Februari 2022 Urusi ilipoivamia nchi hiyo, mataifa mawili yanayotoa zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti duniani yakawa vitani, na bei ya mafuta ya kula ikapanda mpaka kwenye genge la mtaa wetu. Muuza mafuta ya kupima, ambaye zamani alikuwa anakuongezea tone la shukrani, akawa anasubiri lile tone la mwisho liamue lenyewe kudondoka. Serikali ilikuwa imeshaitangaza alizeti kuwa zao la kimkakati, Dodoma, Singida na Simiyu zikitajwa mstari wa mbele, na mbegu za ruzuku zilikuwa zinasambazwa. Mume wangu akaona ishara zote zimekaa sawa.

Mume wangu ni mhasibu katika ofisi moja ya umma pale Dodoma mjini. Usiku mmoja alisogeza sahani pembeni akatoa kikokotoo. (Watumishi wenzangu watanisamehe kwa kulitaja neno hilo. Tangu lihusishwe na mafao ya wastaafu, halitamkwi mbele ya watu wanaokula.) Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30: ekari moja inabeba miche kama 18,000. Kila kichwa, tuseme mbegu 1,000. Akazidisha. Mbegu milioni 18 kwa ekari! Akanyamaza, akainuka kwenda kunywa maji.

Jumamosi tukampelekea mama hesabu zile zikiwa zimechapwa. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mlenda.

“Mwanangu,” akasema, “mbegu umezihesabu. Ndege je?”

Jirani yake, mzee ambaye sote tunamwita babu, alikuwa amekaa kivulini. Yeye hakuuliza kuhusu ndege. Alitaka tu kuishika ile karatasi. Aliigeuza mbele na nyuma, akatabasamu, akasema, “Na wale nao walikuja na karatasi.”

Wale ni Waingereza. Watu wa Kongwa wana bahati ya aina yake: mradi mkubwa wa mafuta ya kula ulishawahi kufia mikononi mwao. Baada ya Vita Kuu ya Pili mafuta yalikuwa adimu Uingereza, wakubwa wa London wakachora ramani ya karanga Tanganyika, mamilioni ya ekari, na Kongwa ikawa mahali pa kuanzia mwaka 1947. Mwaka wa kwanza pekee walitaka ekari 150,000. Wakaambulia kama 7,500. Walileta vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mibuyu ikawakatalia, na nyuki waliokuwa wanaishi ndani ya mibuyu wakawatimua wafanyakazi. Udongo wa huku mvua ikikatika unakaza mpaka jembe linadunda, kwa hiyo hata karanga zilizokubali kuzaa zilikataa kutoka. Wakageukia alizeti, nadhani kwa sababu angalau haichimbwi. Ukame ukaikausha ikiwa imesimama. Januari 1951 mpango ukafutwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimefukiwa pamoja na karanga.

“Wale hawakuwa na Excel,” mume wangu akamjibu.

Babu akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kama milimita 500 na ushei kwa mwaka, na katikati, Februari hivi, hupenda kwenda likizo bila kuaga. Alizeti inavumilia likizo hiyo kuliko mahindi, ndiyo maana wenzetu wa Singida wamejenga jina kwa zao hili na sisi tunajifanya hatuoni. Ugomvi wetu wa kwanza haukuwa na mvua, ulikuwa na mbegu. Mama anaamini Record, mbegu ya miaka mingi ambayo unavuna na mwakani unachukua humo humo unapanda tena. Mume wangu alitaka chotara, inayozaa zaidi na kukomaa kwa pamoja, ila kila msimu unarudi dukani na pochi. Ikaamuliwa shamba ligawanywe kwa kamba: huku mama, huku mwana. Nyuki hawakuitambua kamba.

Shuleni nafundisha sayansi, hivyo hili nalijua na nalifundisha kila mwaka: ua la alizeti si ua moja. Ni mkutano wa hadhara. Zile za manjano za pembeni, ambazo watu huziita petali, kila moja ni ua zima lisilozaa, kazi yake ni kuita wateja. Yale madogo yaliyobanana katikati, mamia kwa maelfu, ndiyo yanayozaa, kila moja mbegu yake. Ukoo wa alizeti una watu wa kila aina: saladi tunayokula, pareto inayolimwa Nyanda za Juu Kusini na kuua wadudu, na kishona nguo, yule unayerudi naye nyumbani kwenye suruali bila kumkaribisha. Nilipowaambia wanafunzi kwamba alizeti na kishona nguo ni ndugu, mmoja aliuliza mbona hawafanani tabia. Wakati huo sikuwa na jibu.

Basi zikachanua. Mume wangu alikuwa ameshatangaza ofisini, na mkuu wake wa kazi akaahidi kupita Jumapili na familia yake, wakitokea ibadani, kuja kuona. Walifika. Wakateremka kwenye gari wakiwa wamevaa vizuri, simu mkononi, wakasimama kando ya lami. Na mbele yao, kutoka mwanzo wa shamba hadi kwenye mbuyu wa mwisho, wakaona visogo. Maelfu ya visogo vya kijani. Hakuna alizeti hata moja iliyokuwa inawatazama.

“Mbona zimenuna?” mkuu akauliza.

Mume wangu alijikohoza, akasema ni hali ya hewa. Mimi nilikuwa na maelezo kamili lakini si kila siku mke anamsahihisha mume mbele ya bosi wake. Maelezo yenyewe ni haya. Alizeti ikiwa changa hulifuata jua kweli: asubuhi mashariki, jioni magharibi, usiku inajigeuza polepole kurudi ilikoanzia. Inafanya hivyo kwa shina, upande mmoja ukirefuka kuliko mwingine. Ikishakomaa na shina likaacha kurefuka, safari hizo zinakoma, na kichwa kinabaki kimeelekea mashariki mpaka siku ya kuvunwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis waliandika mwaka 2016 katika jarida la Science kwamba kichwa kinachotazama mashariki hupata joto mapema asubuhi, na nyuki hukiendea mara tano zaidi kuliko kilichogeuzwa magharibi. Kwa hiyo ukiwa na shamba mashariki ya barabara, alizeti zako zitawapa mgongo wasafiri wote bila kubagua cheo.

Ili uone sura, ilibidi uingie ndani, uvuke shamba zima, utokee upande wa pili, ugeuke. Mkuu na familia yake wakaingia. Wakakanyaga njia. Njia ikishakanyagwa Ugogoni haifungwi tena. Kufikia wiki iliyofuata magari yalikuwa yanasimama kandokando ya lami, wanafunzi wa chuo, kwaya yenye sare, kijana mmoja aliyekuja na gitaa asilojua kulipiga. Mama alivuta kiti chake cha plastiki akakiweka mwanzo wa njia ile. Tulipomuuliza, akasema anaangalia mbuzi wasiingie. Tukaona ni wazo jema.

Kisha ikaja harusi. Magari yenye riboni, kamera mbili, bibi harusi mwenye shela ndefu iliyobebwa na wasichana watatu wasije wakaiokotesha kishona nguo. Mpiga picha akawapanga, akarudi nyuma, akasema neno ambalo hapaswi kulisema mtu yeyote katika shamba lenye mizinga ya mama mkwe wangu kwenye mbuyu wa mwisho: “Bibi harusi, nusa ua.”

Akanusa. Nyuki aliyekuwa kazini humo akatoka kuangalia ni nani, akaingia ndani ya shela, akashindwa kutoka. Sitaeleza yaliyofuata kwa kirefu. Nitasema tu kwamba wapambe walibaki na bibi harusi, mpiga picha alibaki na kamera, na bwana harusi ndiye aliyefika kwenye gari wa kwanza. Waliendelea kuoana, nashukuru Mungu. Nilikuja kuona picha, na zile zilizotoka vizuri ni za kabla ya kunusa.

Manjano yakapukutika, mbegu zikajaa, na mgeni ambaye mama alimuulizia siku ya kwanza akafika. Walikuja njiwa, walikuja wadogo wadogo wa kahawia, na walikuja wale wa kijani wa jamii ya kasuku, kichwa cheusi, kola ya manjano shingoni, midomo myekundu. Ndege hawa asili yao ni Tanzania hii hii. Huko Ulaya watu huwafuga kwenye vizimba kwa mapenzi makubwa na kuwanunulia mbegu za alizeti dukani. Sisi wetu walikuwa wamejipunguzia usumbufu wa duka. Wanakaa juu ya kichwa kilichoinama, wanajipinda chini, wanachomoa mbegu, wanaimenya, wanatupa ganda, wote wakiongea kwa wakati mmoja.

Watoto walipanda dungu wakapiga makopo. Mama akafunga mikanda ya kaseti kutoka mti hadi mti, upepo ukiipiga inavuma. Nasikia ilikuwa mahubiri, na labda ndiyo sababu ndege walitulia kuisikiliza. Mwishowe mume wangu akasimamisha sanamu. Kwa kuwa yeye hafanyi jambo nusunusu, akaivika suti yake ya zamani ya ofisini, akaifunga tai, akaweka na kofia.

Mwenyekiti wa kitongoji alipita magharibi ikiingia. Akaona mwanaume kasimama shambani, akamsalimu, “Mbukwenyi!” Kimya. Akasogea, akarudia. Kimya. Mwenyekiti ni mtu mzima, hakuipenda tabia hiyo. Asubuhi alikuwa kwa mama: mwanao tangu aende kufanya kazi mjini amekuwa na majivuno, nimemsalimu mara mbili amenitolea macho tu.

Mama angeweza kumweleza. Hakumweleza. Alituambia baadaye kwamba huwezi kumwambia mtu mzima, kiongozi wa watu, kwamba alikuwa anasalimiana na mti. Badala yake aliomba radhi kwa niaba ya mwanawe, na mwanawe alipokuja Jumamosi akatumwa na kilo mbili za sukari kwenda kuomba radhi mwenyewe. Nilimsindikiza. Alisimama pale akiwa amekunja mikono, akasema hatarudia. Tuliporudi tukawakuta wale wa kijani wamepanga mstari mabegani mwa suti, wawili wakivuta uzi kwenye kola.

Kukata vichwa, kuanika, kupura kwa fimbo na kupepeta, hayo sina la kusema ila kwamba mgongo wangu ulihudhuria. Shida ilikuwa bei. Tulilima kwa bei ya 2022, tukavuna katikati ya 2023. Kati ya hapo mafuta ya nje yalikuwa yamefunguliwa mlango kwa unafuu wa ushuru ili mlaji apumue, na mlaji alipopumua mkulima wa Dodoma na Singida akakosa hewa. Dalali alikuja, akachota mbegu kiganjani, akapuliza, akasonya. Kisha akataja bei huku akitazama pembeni, na bado akataka lumbesa.

Tukasema hatuuzi, tunakamua. Tukapakia magunia kwenye gari la kukodi mpaka kwenye mashine moja Kibaigwa. Foleni ilikuwa ndefu, na zamu yetu ilipofika umeme ukakatika, kwa hiyo tulilala pale juu ya magunia pamoja na wakulima wengine, wote tukinuka alizeti. Alfajiri umeme ukarudi, mashine ikanguruma, mafuta yakaanza kutoka, meusi kidogo kwanza, kisha rangi ya dhahabu. Gunia likiwa zuri hukupa dumu la lita 20 au pungufu kidogo. Mume wangu alikuwa ameandika jina lake kwenye kila dumu letu kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa. Kumbe mafuta yanafuta wino ule vizuri kuliko spiriti. Tulipokwenda kuchukua, tulikuta sakafu nzima ya madumu ya manjano, yote ya saizi moja, yote yasiyo na jina, na wenye mali saba wamesimama wakitazamana.

Mama akaomba nafasi. Akapita dumu moja baada ya jingine, anafungua, ananusa, anafunga. “Hili langu. Hili si langu. Hili langu.” Alisema Record ina harufu yake. Hakuna aliyethubutu kubishana na bibi wa umri ule. Mimi nilichokiona tu ni kwamba yale aliyoyatambua kwa harufu yote yalikuwa yamejaa hadi shingoni. Mashudu tuliyapakia nyuma, na tulipofika nyumbani dereva akaomba kiroba kimoja kwa ajili ya nguruwe wake, akapewa viwili.

Ndugu wakaanza kuja hatujashusha dumu la mwisho. Ndugu wa Ugogoni hawaji mikono mitupu, nawasifu kwa hilo: kila mmoja alikuja na chupa tupu. Aliyekuwa na adabu alikuja na ya lita moja na nusu ya maji ya kunywa. Shemeji alikuja na dumu la lita tano akasema ndilo lililokuwa karibu. Binamu wa harusi alituma kijana wa bodaboda. Mwenyekiti wa kitongoji alipita kusalimia, safari hii akaitikiwa kwa sauti kubwa, akaondoka na chake. Hata babu alijipitisha, na alipojaziwa chupa aliinyanyua juani akasema, “Wale hawakufika hapa.” Sijasikia sifa kubwa zaidi ya hiyo juu ya kilimo chetu.

Mwisho wa mwezi mume wangu akafungua tena kompyuta, sebuleni kwa mama, atufungie hesabu. Aliingiza mbegu, trekta, palizi, gari, mashine, sukari kilo mbili. Aliingiza mafuta yaliyouzwa. Yaliyogawiwa ndugu akayatafutia jina la kihasibu, akalikosa. Alipofika chini alitazama tarakimu muda mrefu bila kusema neno.

Mama akainuka, akaingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Akalimimina mkekani. Noti za elfu moja zilizokunjwa, za elfu mbili, sarafu za mia tano, na noti moja ya elfu kumi ambayo alisema ilitolewa na bwana harusi kupitia dirisha la gari, akiwa hataki kushuka. Ndipo tulipoelewa kile kiti cha plastiki na wale mbuzi. Kila aliyekanyaga njia ile kwenda kutafuta sura ya alizeti alikuwa amemlipa mama kwanza. Mkuu wa kazi tu, na familia yake, ndio waliopita bure, kwa kuwa siku ile mama alikuwa hajagundua biashara.

Mume wangu alihesabu mara mbili. Kopo lilikuwa limeishinda faida ya mafuta, na halikuwa na gharama ila kiti, ambacho kilikuwepo. Macho yakamng'aa. Akasema, kama ni hivyo basi jirani ana kipande magharibi ya barabara, anakikodisha. Tukipanda huko, alizeti zote zitaelekea mashariki, yaani zitaitazama lami uso kwa uso, kila gari linaloenda Kongwa litaziona, litasimama. Hata mimi nilivutiwa. Kisayansi ilikuwa sahihi kabisa.

Mama alikuwa anarudisha noti kwenye kopo moja moja.

“Zikitazama barabarani,” akasema, “watapiga picha wakiwa ndani ya gari, waende zao. Nani atateremka? Panda hapo hapo. Na ukija Jumamosi uniletee mwavuli, jua la pale mlangoni ni kali.”